Dungusi ya Key Largo haikufa siku moja

Mwaka 2021 watafiti walikata vipande vyote vibichi vilivyosalia vya dungusi iitwayo Pilosocereus millspaughii kisiwani Key Largo, kusini mwa Florida, wakavipeleka kitaluni. Mashina yaliyowahi kufika 150 yalibaki sita, nayo dhaifu. Mwaka 2024 wakatangaza kwamba mmea huu, uliogunduliwa pale mwaka 1992, hauko tena porini nchini Marekani, na kwamba wanaamini ndiyo spishi ya kwanza kutoweka nchini humo kwa sababu ya kupanda kwa bahari. Vipandikizi vile ni hazina, lakini kila kimoja ni nakala ya shina kilikotoka. Utofauti wa kurithi hutoka kwenye mbegu, ndiyo maana ninaona kuhamisha mimea ya pwani kunapaswa kuanza ingali mingi na yenye matunda.

Wapo wanaosema muuaji hakuwa bahari, bali wanyama walioitafuna dungusi mwaka 2015 na kimbunga Irma cha mwaka 2017. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa, maana kila pigo lilionekana kwa macho. Lakini tazama mahali penyewe: kilima kifupi cha mawe ya chokaa kilichozungukwa na mikoko, juu yake tabaka jembamba la udongo na majani makavu. Bamvua zilipozidi kupanda, chumvi iliingia na tabaka lile likasombwa. Wanyama nao huenda walifuata maji yaliyomo ndani ya shina baada ya maji matamu kuadimika. Vimbunga vimevipiga visiwa vya kusini mwa Florida tangu zamani. Kilichobadilika ni usawa wa bahari ambapo mawimbi ya vimbunga huanzia.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kuhamisha mimea ni hofu ya mmea kugeuka gugu ugenini. Wafugaji wa Laikipia, nchini Kenya, wanaijua: mpungate ulioletwa kutoka Amerika umewanyang'anya malisho. Mpungate ule, hata hivyo, ulivuka bahari na kuwaacha wadudu wanaoudhibiti kwao. Kuisogeza dungusi ya Key Largo hadi mwinuko wa jirani, kwenye chokaa ileile, kati ya wachavushaji wale wale wanaozuru maua yake, ni jambo tofauti kabisa. Na anayejiliwaza kwamba bado iko Bahamas na Cuba akumbuke kuwa sehemu kubwa ya Bahamas nayo ni nchi ya chini.

Gumu hasa ni ardhi. Katika mlolongo huu wa visiwa vya Florida hakuna mwinuko wa asili unaofika mita 6, na miinuko hiyo michache ndiyo inayotamaniwa pia na wajenzi wa nyumba. Mamlaka zikisubiri utafiti ukamilike ndipo zitenge viwanja vya mimea, zitakuta misingi imekwisha kumwagwa zege.