Kipimo chenye kufungwa kinafaa nani?

Kila mchimbaji wa Kolwezi anajua uchungu wa kusimama mbele ya mashini ya kupima tenere. Mnunuzi anabonyeza, namba inatokea, bei inaanguka. Ukiuliza namba ile imepatikana namna gani, jibu ni moja tu: mashini imesema. Nani kati yetu amekwisha kuona ndani ya ile mashini?

Ndugu wasomaji, kuko habari ya mutu mumoja wa Marekani, John Hunter, yenye inatugusa. Alikuwa mtafiti wa ubongo ku Iniversite ya Chicago, akichunguza ugonjwa wa kifafa. Programu ya ordinatere yenye walikuwa wanatumia pale ilikuwa ya kununua, na ilifunguka tu na kifaa kidogo cha kuchomeka ku mashini, kama ufunguo. Watafiti walikuwa wengi, ufunguo haukutosha, wakaanza kugombania.

Hunter alichoka na ule ugomvi. Akaikala, akaandika programu yake mwenyewe ya kugeuza namba kuwa michoro. Mwaka 2003 akaitoa kwa watu wote, jina Matplotlib. Ni ya bure. Tena kila mutu anaweza kufungua ndani, kusoma namna inahesabu, na kusahihisha pasipo sawa. Watu wa inchi mingi wakaleta mikono yao. Hata kisha kuingia kazi ku kampuni moja ya biashara ya pesa, Hunter hakuiacha. Alikufa tarehe 28 Agosti 2012, kisha matibabu ya kansa, na miaka 44 tu, akaacha mabinti watatu. Kazi yake haikufa. Mwaka 2019, wataalamu walipoonyesha picha ya kwanza ya shimo jeusi la mbinguni, Matplotlib ilikuwa kati ya vyombo vyao.

Tuseme ukweli: programu ya bure haitapandisha bei ya shaba kesho asubuhi. Hunter alikuwa na masomo makubwa na kuran nyumbani. Watoto wetu wengi hawana hata kuran ya kusomea. Lakini fundisho linabakia: kipimo chenye kufungwa kinamfaa mwenye kukifunga.

Basi, koperative zisingoje huruma ya mnunuzi. Ziunganishe franga, zinunue kipimo chao, zifundishe vijana wawili ao watatu kukitumia na kuandika hesabu mbele ya mwenye muzigo. Namba mbili zikipingana, mabishano yataanzia ku hesabu, si ku makelele.

Na nyinyi baba na mama, mutoto akiuliza mashini inahesabu namna gani, musimwambie anachezea wakati. Anauliza swali lenye sisi wakubwa tulipashwa kuuliza zamani.