Mbwa Akipauka Pua, Atazamwe Macho Kwanza

Mlinzi wa geti ndiye kwa kawaida huwa wa kwanza kuona. Rottweiler aliyekuwa na pua nyeusi tii ameanza kutoka doa la waridi pembeni mwa tundu la pua. Wiki chache baadaye doa limeshuka mdomoni, na ukope wa jicho moja umekuwa mweupe. Hapo kila mtu ana jibu lake: amelishwa sumu, amemwagiwa maji ya moto na jirani, ana upele, amerogwa. Yuko wa kumpaka oili chafu ya gari, na yuko wa kumpaka krimu ya betamethasone iliyobaki kabatini. Anayekosekana ni mtu wa kuuliza kama mbwa huyo anaona vizuri.

Swali hilo linaonekana kuwa mbali na ngozi, lakini ndilo linalotenganisha jambo la sura na jambo la dharura.

Kuna ugonjwa ambao kwa binadamu unaitwa Vogt-Koyanagi-Harada, kwa majina ya madaktari watatu walioueleza. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inageuka na kushambulia seli zinazotengeneza melanini, ile rangi inayoipa ngozi na nywele weusi wake. Mwaka 1977 hali inayofanana na hiyo iliripotiwa kwa mbwa nchini Japani. Tangu hapo imeonekana zaidi kwa Akita, ingawa Siberian Husky na Samoyed nao huipata, na hakuna jamii ya mbwa inayoweza kusemwa kuwa imesalimika. Melanini haipo kwenye ngozi tu. Imejaa ndani ya jicho pia, kwenye ule mduara wa rangi unaozunguka mboni na kwenye matabaka yaliyo nyuma yake. Kwa hiyo shambulio hilo huliwasha jicho kwa ndani, na mara nyingi huanza huko kabla pua haijabadilika hata kidogo.

Mbwa wa namna hii hukwepa jua. Macho huwa mekundu, hutoa machozi, huonekana yana ukungu. Jioni anaanza kujigonga kwenye viti alivyokuwa akivipita bila shida. Asipotibiwa, shinikizo ndani ya jicho hupanda, retina inaweza kubanduka, na upofu ukifuata haurudi nyuma. Dawa zipo, nazo ni zile zinazotuliza kinga ya mwili, kwa kipimo kikubwa na kwa muda mrefu, pengine maisha yote. Pua inaweza kubaki nyeupe daima na mbwa akaishi vizuri. Mwenye mbwa anayesubiri pua izidi kuharibika ndipo aende kwa daktari anapoteza siku ambazo macho yangeweza kuokolewa.

Sasa upande wa pili, ambao ndio wenye faraja. Upaukaji mwingi wenyewe hauna madhara makubwa. Vitiligo, inayofanana na mbalanga kwa watu, huwapata mbwa wakiwa bado vijana. Rottweiler, Dobermann, German Shepherd na Belgian Tervuren wanatajwa mara nyingi, na wawili kati ya hao ndio waliojaa kwenye mageti ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba Tervuren wenye vitiligo walikuwa na kingamwili zinazolenga seli za rangi, ilhali wenzao wenye afya hawakuwa nazo. Mabaka hutokea puani, midomoni, kwenye kope na kwenye nyama za nyayo, na wakati mwingine rangi hurudi yenyewe. Mbwa hawashwi, haumwi, hula na kukimbia kama zamani. Pia hamwambukizi mtu wala mbwa mwenzake, jambo linalofaa kurudiwa kila mahali, kwa sababu wapo mbwa wazima wanaofukuzwa nyumbani kwa hofu hiyo.

Oregon, Marekani, aliishi Labrador mweusi aliyeitwa Rowdy ambaye mabaka meupe yalimzunguka macho yote mawili, kulia na kushoto sawasawa, mpaka akawa na uso usiosahaulika. Mwaka 2017 mtoto mmoja wa Arkansas mwenye mabaka kama hayo usoni alisafiri na familia yake kwenda kumwona. Rowdy hakuhitaji matibabu ya mabaka yale. Alichohitaji ni familia isiyomwonea aibu, na aliipata.

Kati ya dharura ya macho na vitiligo isiyo na neno liko kundi linalohitaji jicho la karibu, na hapa mwenye mbwa anaweza kujifunza kuitazama pua yenyewe. Pua ya mbwa mzima ina vinundu vidogo vilivyopangana kama ganda la fenesi. Kwenye vitiligo vinundu hivyo hubaki palepale, ni rangi tu iliyoondoka. Kwenye lupasi ya ngozi, ugonjwa mwingine ambamo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, vinundu hufutika. Pua inakuwa laini na kung'aa, rangi yake inaelekea kijivu au samawati, kisha yanakuja magamba, nyufa na vidonda vinavyotoka damu mbwa anapojilamba. Jua huzidisha. German Shepherd na jamii ya Collie ndio wanaojulikana zaidi kwa ugonjwa huu. Kwa bahati mbaya yapo maambukizi ya bakteria ya pua na midomo yanayofanana nao mno hata kwa macho ya daktari, lakini hayo huondoka kwa antibayotiki. Anayekimbilia krimu ya steroidi kama ile betamethasone ya kabatini bila kupima anaweza kuwa anayalisha maambukizi hayo. Kwa mbwa mzee, pua au ufizi uliopauka pamoja na uvimbe au vidonda unaweza kuwa dalili ya saratani ya limfu inayoanzia kwenye ngozi.

Kipimo kinachoamua ni bayopsi, yaani kukata kipande kidogo cha ngozi na kukitazama kwa hadubini. Daktari mzoefu hukata mahali palipo na rangi ya kijivu, ambapo weusi ndio kwanza unaondoka, kwa sababu palipokwisha kuwa peupe kabisa mara nyingi hapana tena ushahidi wa kuonyesha nini kilitokea. Kanda hii haikosi mahali pa kufanyia kazi hiyo: kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na Makerere. Bwana mifugo wa kata aliyezoea ng'ombe na kuku hatakiwi kulaumiwa kwa kutoitambua lupasi. Anatakiwa kumwelekeza mwenye mbwa kwenye vituo hivyo.

Ipo pia ile inayoitwa pua ya theluji. Labrador, Golden Retriever na Husky katika nchi za baridi hupauka pua majira ya baridi, kisha weusi ukarudi joto linaporejea. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba kimeng'enya cha tirosinesi, kinachosaidia kutengeneza melanini, hulegea kwenye baridi na kulegea pia kwa uzee. Maelezo haya yamesafiri hadi Mombasa na Tanga, na watu wanajituliza nayo. Pua inaweza kufifia taratibu hata kwenye joto, hilo ni kweli. Lakini katika mji usiojua baridi, kumwambia mtu asubiri msimu ubadilike ni kumpotezea muda.

Bakuli la plastiki nalo lina sifa kubwa kuliko ushahidi wake. Chanzo cha shaka hiyo kinaeleweka. Mwaka 1939 nchini Marekani iliripotiwa kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi walipoteza rangi ya mikono kwa sababu ya glavu za mpira zilizokuwa na kemikali ya jamii ya haidrokwinoni. Ni jamii hiyohiyo ya kemikali iliyokuwa ikitiwa kwenye krimu za kujichubua, na ambayo Tanzania, Kenya na Rwanda zimeipiga marufuku katika vipodozi. Kwa mbwa, kesi zilizothibitishwa za bakuli kupausha pua ni chache, nazo huacha alama pale tu mdomo unapogusa chombo, mara nyingi pakiwa na wekundu. Kubadilisha bakuli kwa la chuma ni jambo rahisi na halina hasara. Kosa ni kubadilisha bakuli kisha kukaa miezi mitatu ukingoja matokeo huku pua inachubuka.

Lililo baya zaidi katika mjadala huu wa rangi limeletwa na soko la watoto wa mbwa. Mnunuzi anataka pua nyeusi, na muuzaji anajua. Vigezo vya chama cha mbwa cha Marekani, AKC, vinamwondoa mashindanoni German Shepherd ambaye pua yake si nyeusi kwa sehemu kubwa, na Labrador mwenye pua ya waridi tupu. Hata hivyo vigezo hivyohivyo vinamkubali Husky mwenye michirizi ya waridi puani, na Labrador ambaye pua yake imefifia tu haondolewi. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa na pua ya waridi ikaja kujaa weusi baada ya wiki kadhaa. Kumtupa mtoto wa mbwa wa wiki tatu kwa sababu ya pua yake ni ukatili usio na msingi hata kwa vigezo vya mashindano yenyewe.

Na oili chafu iachwe kabisa. Inaunguza ngozi, mbwa anailamba, na sumu zilizomo zinaingia mwilini. Haitibu upele sawasawa, na rangi iliyoondoka haitairudisha.

Linalobaki kwa mwenye mbwa ni jua. Melanini ndiyo kinga ya ngozi, na ngozi iliyoipoteza huungua kwa urahisi. Kadiri miaka inavyopita, hatari ya saratani ya ngozi mahali hapo inaongezeka. Katika ukanda wa ikweta, mbwa aliyefungwa mnyororo kando ya geti tangu asubuhi hadi alasiri hana pa kukimbilia. Krimu za jua za watu zenye zinki zisitumike, kwa kuwa mbwa huzilamba na zinki ikizidi huharibu chembe nyekundu za damu. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama, na daktari anaweza kushauri ipi inafaa. Lakini kivuli hakiuzwi. Wenye nyumba wauhamishe mnyororo chini ya mti au bati leo hii, wapige picha ya pua na macho ya mbwa wao kila wiki, na wakiona wekundu jichoni au kidonda puani wampigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kabla hawajafungua kopo lolote la dawa.