Hodi ya Seva Ndogo

Tuanze na hodi. Seva ya barua pepe ikitaka kumkabidhi mwenzake barua, haijiingilii tu. Inabisha kwenye mlango namba 25, inangoja. Mwenye nyumba anajibu 220: nipo, nimesikia. Mgeni anajitambulisha kwa HELO, L moja tu maana kila amri ilipewa herufi nne, kisha anataja jina lake. Anajibiwa 250, yaani karibu. Ndipo anaeleza barua imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani, anaisoma mpaka mwisho, akimaliza anaweka nukta peke yake kwenye mstari. 250 tena: imepokelewa. Wanaagana.

Jon Postel aliyaandika masharti hayo Agosti 1982, na mtu aliyelelewa Uswahilini akiyasoma atadhani ni somo la adabu. Hamna mahali mgeni anaulizwa ukoo wake, wala ana mashine ngapi, wala analindwa na tajiri gani. Alimradi amebisha vizuri, anasikilizwa.

Hodi hiyo imeuawa. Nasema imeuawa kwa makusudi, sisemi imekufa, kwa sababu kitu kinachokufa chenyewe huchakaa kwanza, na programu za posta hazijachakaa hata kidogo. Ziko imara kuliko zilivyowahi kuwa, na nyingi ni bure. Kinachouzwa siku hizi ni ruhusa ya kufika mlangoni.

Vijana wanaosoma kompyuta leo hawajui tulikotoka, kwa hiyo niwakumbushe. Mwishoni mwa miaka ya 1970, pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, palikuwa na mashine moja ya mradi wa INGRES iliyounganishwa na ARPANET, babu yake intaneti. Kila mtu akawa anamsumbua Eric Allman apewe nafasi kwenye mashine ile ili asome barua zake. Allman angeweza kuweka foleni na fomu za maombi, kama ambavyo ofisi nyingi zingefanya. Badala yake aliandika programu ya kupeleka barua kwa watu kwenye mashine zao walikokaa. Aliiita delivermail. Mwaka 1983 mrithi wake, Sendmail, akatoka pamoja na Unix ya Berkeley, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya barua za intaneti zilipita mikononi mwake.

Simpambi Sendmail. Faili lake la mipangilio lilikuwa adhabu: herufi, alama za dola, mabano na vinyota vilivyomwagwa kana kwamba kuku kakimbizwa juu ya kibodi. Kitabu cha kulieleza, kile chenye picha ya popo kwenye jalada, kilinenepa toleo baada ya toleo hadi kikapita kurasa elfu moja. Tena usalama wake ulikuwa wa nyumba ya makuti. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia mnyoo uliosambaa kwenye maelfu ya kompyuta, na mojawapo ya njia zake ilikuwa mlango wa uani wa Sendmail, ulioachwa kwa ajili ya majaribio bila mtu kukumbuka kuufunga. Barua ilibisha hodi, ikaingia, ikaanza kuamrisha watu wa nyumbani.

Lakini tazama kilichofuata, maana hapa ndipo wapiga porojo wa leo wanapoumbuka. Mafundi hawakusema posta ni hatari, basi tuwape matajiri watatu waishike kwa niaba yetu. Walikaa chini wakaandika upya. Mwaka 1995 Philip Hazel alianza Exim pale Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka huohuo Daniel J. Bernstein alianza qmail, kisha akatangaza dola 500 kwa yeyote atakayeonesha tundu la usalama ndani yake. Bernstein ni mtu wa ubishi, na waliowahi kujibizana naye bado wanajipuliza vidonda, ila ubishi wa namna ile ningeununua kwa bei yoyote.

Desemba 1998 Wietse Venema, Mholanzi aliyekuwa akifanya utafiti IBM, akatoa Postfix. Hii ndiyo ninayoitumia mimi, kwa hiyo nivumilieni nikiisifia. Sendmail ilikuwa mtu mmoja mwenye funguo zote. Venema aligawa kazi kama inavyogawiwa kwenye shughuli ya harusi. Wa kupokea wageni getini hajui stoo iko wapi. Wa pilau hashiki funguo, na anayegawa sahani hakaribii sanduku la pesa. Hata mhuni akimteka yule wa getini, amepata mtu asiye na kitu mfukoni. Programu hiyo inawekwa kwa dakika chache kwenye kompyuta ambayo ofisi yako imeitupa uvunguni. Haidai hata senti.

Sasa nieleze kilichonipata. Chama chetu cha kuweka na kukopa kina wanachama mia mbili na ushei. Katibu, mzee mmoja mwalimu mstaafu, alitaka tuwe na barua pepe yenye jina letu wenyewe, nami nikamfungia Postfix. Nikaweka mihuri yote inayotakiwa: SPF ya kutaja mashine zenye ruhusa ya kutuma kwa jina letu, DKIM ya kutia sahihi kila barua, DMARC ya kumwambia mpokeaji afanye nini sahihi ikikosekana. Nikakagua orodha nyeusi za watumaji wa barua taka, hatumo. Tukatuma wito wa mkutano mkuu wa mwaka. Nikafungua kumbukumbu za seva na kusoma mstari kwa mstari: 250, 250, 250. Karibu, karibu, karibu.

Siku ya mkutano walikuja watu 31. Akidi haikutimia, soda zikarudishwa dukani. Tulipouliza, barua zote zilizokwenda kwa kampuni moja kubwa ya barua za bure, ambako wengi wa wanachama wetu wana masanduku, zilikuwa zimetupwa kwenye folda ya taka, kati ya tangazo la bahati nasibu na mganga wa nguvu za kiume. Mzee akaniita pembeni. "Mwanangu, hii seva yako inatuaibisha." Nikaandika kwa kampuni ile kupitia fomu yao. Likanijibu roboti. Nikaandika tena. Roboti lilelile, salamu zilezile.

Kanuni za mashine za intaneti zilizotolewa Oktoba 1989 zinasema wazi: ukishajibu 250 baada ya kukabidhiwa barua, umebeba dhamana ya kuifikisha. Wakikukataa mlangoni kwa 550, angalau umejua, utatafuta njia nyingine. Lakini kumkaribisha mtu kwa tabasamu, kuipokea barua yake kwa mikono miwili, kisha kuipeleka jalalani akiwa bado anafunga viatu kibarazani? Kwetu tabia hiyo ina jina, na si jina zuri.

Watanijibu: barua taka. Najua. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk wa kampuni ya DEC alituma tangazo la kompyuta kwa watu kama 400 wa ARPANET, na uchafu haujakoma tangu siku hiyo. Nakiri pia kwamba sisi wa seva ndogo tulichangia. Hadi toleo la 8.9 la mwaka 1998, Sendmail ilikuwa ikipitisha barua ya yeyote kwenda kokote, na matapeli wakaifanya daladala. Mihuri ni lazima. Mwaka 2024 Google na Yahoo zilipoanza kuwabana watumaji wa barua nyingi kuhusu mihuri hiyo, Google ikiweka kipimo cha barua 5,000 kwa siku, nilipiga makofi.

Ila mihuri ninayo! Kinachonikwamisha ni kitu wanachokiita sifa: alama anazopewa mtumaji kwa vigezo vya siri, na wapimaji ambao hawana simu wala ofisi. Na seva ndogo sifa itaipata wapi? Huwezi kupata sifa bila kutuma barua nyingi, na ukituma nyingi bila sifa unahesabiwa mhuni. Wakati huohuo fungua sanduku lako uhesabu ni matapeli wangapi wa urithi wa marehemu jenerali wanaokuandikia kutoka kwenye anwani za bure za makampuni hayohayo makubwa. Wao wanapita. Wana baba mkubwa.

Hasira yangu nyingine naielekeza nyumbani. Pita barabarani usome vibao: zahanati, shule ya sekondari, ofisi ya kata, kampuni ya mawakili yenye viti vya ngozi. Chini ya jina, anwani ya bure. Mtu amelipia kibao, amelipia fundi rangi, ameshindwa kulipia kikoa, yaani jina lake mwenyewe la intaneti. Halafu mtu wa IT, aliyesomeshwa kwa jasho la wazazi, anakwambia kuendesha seva ni kujitafutia presha. Ndugu yangu, presha ndiyo kazi uliyoajiriwa! Serikali ya Tanzania ina mfumo wake wa barua pepe, GMS, ulio chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao. Kwa hiyo watu wa kuendesha posta tunao. Bado utakutana na mtumishi mwenye anwani ya ofisi anayekupa ile ya bure, eti ndiyo anayoifungua kwenye simu.

Mkutano wetu tuliuitisha upya. Nilimwambia mzee naweza kununua huduma ya kutuma barua kupitia kampuni kubwa, yenye sifa. Akauliza bei, akaguna. Kesho yake alichapisha tangazo nakala tano, akapika uji mzito wa ngano, akazunguka na ndoo kubandika: sokoni, stendi, msikitini, kanisani, na kwenye mlango wa ofisi yetu. Saa tatu asubuhi ya siku ya mkutano viti vilikuwa vimejaa, wengine wamesimama dirishani. Seva yangu ilikuwa inawaka pale kwenye kona, taa yake ya kijani ikipepesa, haina barua ya kupeleka.