Daftari la Wiki: Pijo la Langoni

Jumatatu

Nilikwenda Marikiti, hapa kwetu Mombasa, kununua iliki, nikarudi na habari ya gari. Mwenye duka alikuwa akinipimia huku macho yako nje, nami kwa bei ya iliki ya siku hizi sipendi mtu anipimie bila kutazama mizani. Nikageuka. Mdomoni mwa barabara ya Langoni lilikuwa limesimama Pijo 404 la jirani yangu, jeupe, limevuliwa turubai baada ya miezi. Hamali wa mikokoteni, watu wasiompisha hata bwana harusi, walikuwa wakilizunguka taratibu.

Linapelekwa Nairobi, kwenye Africa Concours d'Elegance, maonyesho ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 1970 na kuandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Gari lilikuwa la babake. Namba yake ni ile ya zamani, herufi tatu na tarakimu tatu, haina herufi mkiani.

"Ami, kikombe utakiweka wapi?" nilimtania.

"Kikombe ni cha wenye pesa, mwanangu. Mimi natafuta mpira wa kioo cha mbele."

Anajua asemalo. Gari la mtumba lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia nchini kupitia bandari ya Kilindini, kwa hivyo magari ya zamani tuliyo nayo ni yale yaliyozeekea hapa hapa, na vipuri vyake vimetawanyika kwa watu wasiojuana. Ufaransa iliacha kuunda 404 ya saluni mwaka 1975. Pikapu yake iliendelea kuunganishwa Kenya hadi 1991. Tangu hapo, ukitaka mpira wa kioo, keti uwanjani kando ya gari lako kutwa nzima, mpaka apite mzee atakayekwambia, "Mimi ninao kama huo, uko stoo, hauna kazi."

Jumanne

Kahawa ya jioni, na barazani hapakuwa na siasa hata kidogo. Ubishi ulikuwa mmoja: mmoja ashikilia kuwa gari lile ni Austin, na ameapa.

Hakukosea sana. Pininfarina wa Italia ndiye aliyechora Austin Cambridge iliyotoka 1959, na ndiye aliyechora Pijo 404 iliyotoka 1960. Yale mapezi ya nyuma ni ya baba mmoja na mama mbalimbali. Aliyekata shauri ni mzee aliyewahi kuendesha teksi. Hakuinuka hata kidogo, alisema tu, "Fungueni boneti mtazame injini. Imesimama au imelala?" Wakafungua. Imelala ubavu, nyuzi 45, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Pijo. Wa Austin akalipia kahawa na kashata.

Hapo ndipo mambo ya Safari Rally yalipofunguka. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba, na mbele yao walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika 404. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, akashinda na 404 mwaka 1966 na tena 1967. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudi kileleni, na mara hii pia waliofika mwisho walikuwa saba tu. Mzee wa teksi anasema aliwaona wakipita na matope mpaka juu ya paa. Alivyosimulia, hata mimi nikahisi niliwaona.

Jumatano

Leo gari limeaibika. Kijana mmoja wa gereji alikuja na sumaku iliyotolewa kwenye spika, kaifunga kitambaa asikwaruze rangi, akaanza kuipitisha. Madigadi, ikanasa. Mlango, ikanasa. Kizingiti cha chini upande wa dereva, ikaanguka chini ikatoa mlio. Akarudia, ikaanguka tena. Pale hapana bati. Pana puti na rangi nzuri juu yake.

Watu walinyamaza, kama vile sote tumemwona mtu akitoka hamamuni. Jirani alikuwa akijua. Fundi wa bodi alimwambia siku nyingi. Lakini kujua wewe na fundi wako ni jambo moja, na kujua Langoni nzima ni jingine. Waamuzi wa Nairobi, nasikia, huchungulia hata uvunguni.

Chumvi ndiyo iliyolila, na si ya upepo wa bahari peke yake. Kwa miaka gari hili limeoshwa kwa maji ya kisima, na visima vya Mji wa Kale vingi ni vya maji chumvi. Unaosha kutu ije upesi! Wiki hii ananunua maji matamu ya mitungi kwa mkokoteni, mitungi sita kila asubuhi, na mkewe amemuuliza mbele yetu kama nyumba nayo itaogeshwa lini.

Alhamisi

Hasara za leo: alama tano za vidole vya achari ya embe kwenye buti, na mkwaruzo mwembamba wa kifungo cha mshipi wa bwana mmoja aliyeegemea apigwe picha. Tuktuk imepita karibu mno, ila haikugusa. Bima ya Pijo ni ile ya kumlipa mwenzako, si ya kukulipa wewe. Dalali mmoja amekuja mara mbili na kuuliza, "Wauza?" Mara ya pili alitaka kujua pia usiku linalala wapi. Swali hilo sikulipenda, na jirani alilijibu uongo.

Kisha viti. Juu ya siti za asili pana vifuniko alivyoshona mamake, kitambaa kizito cha maua mekundu, mishono ya mkono kwenye pembe. Mwamuzi atataka siti za kiwandani. Jirani alivivua, akavitazama, akavikunja vinne vinne, akavitia ndani ya buti pamoja na jeki.

Ijumaa

Ameondoka baada ya alfajiri. Ni safari ya kilomita karibu 480 nyuma ya malori, na kabureta iliyopimwa usawa wa bahari. Nairobi ipo mita zaidi ya 1,600 juu. Hewa yake imepungua kama sehemu moja kwa sita, petroli inabaki ile ile, basi gari hukohoa na plagi hutoka nyeusi kama mkaa. Dawa yake ni bisibisi ndogo na sikio. Bisibisi ameitia mfukoni mwa kanzu. Sikio ni la mzee wa teksi, aliyeketi siti ya mbele na mto wake na chupa ya chai. Hakuna aliyejua kuwa amealikwa.

Jumamosi

Pahali pa Pijo pamebaki kipande cha boksi chenye doa la mafuta. Kufika saa mbili, mkokoteni wa madafu ulikuwa umeshaegeshwa juu yake, na mwenyewe amejikalia kivulini akichonga dafu.

"Ami anarudi lini?" aliniuliza. "Nijue niwaambie wateja."