Mtu Aliyeopolewa Ziwani

Wasomaji wetu wa Baraka wajua usiku wa dagaa: taa zameremeta ziwani kama mji, na alfajiri akina mama wangoja mitumbwi ufukoni. Wajua pia asubuhi ile mtumbwi urudipo na mmoja amelazwa chini, kimya. Hapo vilio huanza. Twaomba vingoje kidogo.

Mtu huyo akiitwa haitiki, wala hapumui. Pengine hukoroma mara moja moja, kama samaki nchi kavu. Msidanganyike, hiyo si pumzi. Msimning'inize kichwa chini, msimkamue tumbo maji yatoke. Wengi wetu tumelelewa na desturi hiyo, nayo hupoteza dakika tu, hali ubongo usiopata hewa huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi.

Mlazeni chali penye ardhi ngumu. Inueni kidevu, mzibeni pua, mpulizieni kinywani pumzi mbili hadi tano, kwani aliyezama amekosa hewa kwanza. Kisha kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, mikono imenyooka: kandamizeni kwa nguvu, kifua kibonyee sentimita 5 hivi, kiachiwe kiinuke. Mara 30, halafu pumzi 2, tena 30. Mwendo ni wa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kazi hiyo huchosha kuliko kutwanga, basi mpokezane kila dakika mbili. Ubavu ukilia, msiache.

Zamani waganga walipasua kifua ili waukamue moyo kwa mkono. Mwaka 1960, huko Baltimore, Marekani, watu watatu walitangaza kwamba viganja juu ya kifua vyatosha. Mmoja wao, Kouwenhoven, hakuwa tabibu bali mhandisi wa umeme! Basi asiwepo wa kusema kazi hii si yake. Mama aweza, kijana aweza.

Na kule Fizi, milimani, mzee akianguka ghafla shambani na pumzi ikakatika, kifua hukandamizwa vivyo hivyo. Asiyejua kupuliza na akandamize tu, huku mwingine akikimbilia msaada.

Hatuwaahidi kwamba kila mmoja atarudi, wengi hawarudi. Lakini akirudi, mlazeni ubavu, mfunikeni nguo kavu, mkampeleke hospitali siku ile ile, hata akisema hajambo, maana maji yaliyoingia mapafuni huweza kumlemea baada ya saa kadhaa.