Mtoto akiuliza: "Nani aliyejenga hapa?"

Jumamosi asubuhi, barazani Machomane, Chake Chake. Binti wa miaka kumi na moja ameshika simu ya mama yake. Anaangalia video ya mji wa pwani wa Brighton, Uingereza, ambako watu wanatembea kwa miguu kutoka kituo kimoja hadi kingine, ramani mkononi, bila ya kiongozi. Wanafika mbele ya kasri lenye makuba, lililojengwa kwa ajili ya mwana wa mfalme aliyependa anasa za baharini.

"Mama, wenzetu wana vitu vya kutembelea," binti anasema. "Sisi hapa hatuna kitu."

Mama anakuna nazi na hajibu. Anayejibu ni bibi, aliyekaa kwenye mkeka akichambua mchele.

"Ngomeni umeshaingia?"

Binti anafikiri kidogo. Amepita pale mara nyingi, kila anapopelekwa hospitali. Hajaingia hata siku moja. Mdogo wake wa miaka saba hajui hata kama pana ngome.

Wazazi wengi wa Chake watajiona katika baraza hii. Watoto wanaijua miji ya mbali kupitia simu, na mji wanaolala wanaupita kama njia ya kwendea skuli na sokoni tu. Dawa yake haihitaji fedha nyingi wala kiongozi wa watalii. Inahitaji asubuhi moja, viatu vizuri, chupa ya maji na mtu mzima aliye tayari kuulizwa maswali. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

KITUO CHA KWANZA: NGOMENI

Familia hii ya Machomane ilitoka saa mbili na nusu, kabla jua halijawa kali. Bibi aliamua kwenda nao, na mwendo wote ukawa wa bibi: pole pole, huku akisalimiana na kila aliyekutana naye. Watoto walisema shikamoo mpaka wakachoka.

Kituo cha kwanza ni ngome kongwe ya Chake Chake, jirani na hospitali. Kinachoonekana leo ni kipande tu. Maelezo ya karne ya 19 yanaitaja ngome yenye umbo la mstatili na minara minne kwenye pembe zake, miwili ya mviringo na miwili ya mraba. Sehemu kubwa ilibomolewa baadaye kupisha ujenzi wa hospitali, na kilichosalia ndicho kilichogeuzwa kuwa Makumbusho ya Pemba.

Hapa mzazi anaweza kumpa mtoto kazi badala ya hotuba. Mama alimwambia mwanawe wa kiume atafute mnara uliobaki na aseme una umbo gani. Kutoka hapo mazungumzo yakaja yenyewe. Minara ya mviringo ilikuwa ya kawaida kwa wajenzi wa Kiarabu na Kiswahili. Ile ya mraba imewafanya wataalamu wengi waione alama ya Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498 na kung'ang'ania sehemu zake nyingi mpaka walipopoteza Mombasa mwaka 1698.

"Wareno waliacha nini chengine?" binti akauliza.

Mama alicheka, akamwonesha leso aliyojitanda bibi. Neno leso ni la Kireno. Meza na bendera pia. Na ule mchezo wa ng'ombe unaochezwa vijijini Pemba, watu wengi huunasibisha na wao. Mtoto aliyekuwa akiburura miguu akaanza kuhesabu maneno.

Ndani ya makumbusho kuna vyumba vinavyoeleza biashara ya baharini, watawala waliopita na maisha ya nyumba ya Kiswahili. Saa za kufungua na kiingilio ni vyema mzazi aulizie kabla, asije akafika na watoto akakuta mlango umefungwa.

Kuna jambo moja la kumtajia mtoto anayependa makasri ya video. Mwanzoni mwa miaka ya 1820, lile kasri la Brighton lilipokuwa linakamilika, Pemba nayo ilikuwa inabadilisha mikono: kutoka kwa Mazrui wa Mombasa kwenda kwa Sayyid Said wa Omani. Kumbe wakati watu walipokuwa wakijenga huko, na huku kulikuwa na mambo. Mtoto akilijua hilo, haoni tena kuwa historia ni ya wenzetu peke yao.

KITUO CHA PILI: SOKONI

Kutoka ngomeni mpaka sokoni si mbali, na hapa ndipo pa kupumzika. Watoto walikunywa madafu. Bibi alinunua halua kidogo, akasisitiza kwamba ya Wete ndiyo halua, hii ni ya kupoza roho tu.

Sokoni ni kituo cha pua. Msimu wa karafuu ukiwa umefika, harufu yake hukutana na mtu kabla hajaona kitu, na pembezoni mwa barabara huanikwa majamvi ya karafuu. Nje ya msimu harufu hiyo husikika Wawi, kwenye kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo. Mtoto wa Pemba anaijua karafuu kama anavyoijua chumvi. Ameichambua na jirani, ameona mjomba akipanda mkarafuu. Lakini mara nyingi hajui kwa nini kisiwa chake kikawa kisiwa cha karafuu.

Mama alieleza kwa ufupi. Mikarafuu ililetwa katika visiwa hivi mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Ya Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa mama wa karafuu za Zanzibar.

"Kwa hiyo sisi tulikuwa matajiri?" binti akauliza.

Mama akasema, "Wengine."

KITUO CHA TATU: PWANI

Chake Chake imekaa juu ya kilima, na ghuba iko chini upande wa magharibi, imezungukwa na mikoko. Kushuka ni rahisi, kupanda wakati wa kurudi ndiko kunakotaka subira, hasa ukiwa na mtoto mdogo au mzee. Meli kubwa za abiria huishia Mkoani. Huku huingia mashua na majahazi, tena maji yakiwa yamejaa.

Siku ile maji yalikuwa yanaanza kutoka. Jahazi moja lilikuwa limelala ubavu kwenye tope. Mtoto wa kiume akaokota kaa, akaambiwa amrudishe. Binti alikuwa bado yuko sokoni kwa mawazo.

"Mama, umesema wengine walikuwa matajiri. Nani alizichuma zile karafuu?"

Wazazi wengi wanalijua swali la aina hii, na wanalijua jibu la haraka: "Twende, jua limekuwa kali." Mama alikaribia kulitoa. Alishachukua mkoba. Bibi akamshika mkono.

"Waliletwa," bibi akasema. "Kutoka bara, kwa majahazi kama hilo. Hawakuomba kuja."

"Watumwa?"

"Watumwa. Skuli hawajakufundisheni?"

"Wametufundisha. Lakini walisema Unguja, pale sokoni pa watumwa."

"Na hapa pia. Hii mikarafuu ya zamani unayoiona, wao ndio walioipalilia."

Binti alinyamaza kidogo, halafu akauliza lile ambalo mama alikuwa akiliogopa.

"Na sisi tulikuwa upande gani?"

Bibi aliangalia jahazi. "Sisi ni wa pande zote. Kuna babu yako alikuwa na mikarafuu. Na kuna bibi yako aliletwa kuichuma. Wote wamo ndani yako."

"Mbona hujapata kutwambia?"

"Kwa sababu kwetu lilikuwa tusi. Mtu akitaka kukuumiza anakutajia asili yako, mbele ya watu. Tukanyamaza ili nyinyi msije mkatajiwa."

Mama aliyekuwa ameshika mkoba aliuweka chini. Ana miaka thelathini na minane, na hilo la bibi aliyeletwa alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza.

KIMYA KINAMLINDA NANI?

Familia nyingi za Pemba, na za pwani yote, zina kimya cha namna hii. Hakikuwekwa kwa ubaya. Kiliwekwa na watu waliotaka watoto wao wale, wasome na waoe bila ya kunyooshewa kidole. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873, enzi ya Sayyid Barghash, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Lakini maneno hayafutwi kwa amri. Yalibaki midomoni kwa muda mrefu.

Kimya hicho sasa kina gharama yake. Mtoto asiyeambiwa nyumbani huambiwa kwenye simu, tena na mtu asiyemjua wala kumtakia mema. Huweza kuambiwa kwamba watu wa asili fulani wote walikuwa wakatili, au kwamba wa asili fulani wote walikuwa duni. Aliyeambiwa na bibi yake, ufukweni, kwamba wote wamo ndani yake, hatakuwa mwepesi wa kuamini hayo.

Namna ya kusema ndiyo inayotaka hekima. Mtoto wa miaka saba anatosheka kujua kwamba zamani kulikuwa na watu waliolazimishwa kufanya kazi bila ya malipo, kwamba lilikuwa kosa, na kwamba limekwisha. Mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kuambiwa miaka, mahali na sheria. Kijana wa sekondari anaweza kuzungumza juu ya ardhi: nani aliimiliki, nani aliilima, na kwa nini baada ya Mapinduzi ya 1964 watu waligawiwa eka tatu tatu.

Kwa umri wowote, kuna mipaka. Asili ya jirani haitajwi. Hiyo ni ya jirani kuisema. Neno lililokuwa tusi haligeuzwi mzaha nyumbani, kwa sababu litatoka na mtoto kwenda skuli. Na aliye hai hahukumiwi kwa aliyoyafanya au aliyofanyiwa babu wa babu yake.

Na pale mzazi asipojua jibu, hakuna aibu kusema "tumuulize bibi". Aibu ni kungoja mpaka bibi asiwepo.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Kwa familia itakayopenda kuifanya njia hii, mambo machache yatasaidia. Itoke asubuhi na irudi kabla ya adhuhuri. Vituo vitatu vinatosha kwa watoto. Ianze ngomeni juu na imalizie pwani, na kama kuna mzee, iwekwe akiba ya nauli ya kumrudisha. Watoto wasipande juu ya kuta kongwe wala kuokota mawe yake. Wasipige picha za watu bila ya kuwaomba. Simu itumike kwa picha mbili tatu, kisha irudi mkobani. Kila mtoto apewe kazi moja kwa kila kituo: kuhesabu, kunusa, kuuliza.

Anayetaka kuendelea, Jumamosi nyengine aende Pujini, kiasi cha kilomita kumi kusini mashariki ya Chake. Hapo pana mabaki ya ngome ya karne ya 15, inayonasibishwa na mtawala aliyeitwa Mkama Ndume. Jina lenyewe ni somo: kukama ni kile anachofanyiwa ng'ombe wa maziwa, na yeye alikama wanaume. Masimulizi yanasema aliwafanya watu wabebe mawe ya ujenzi huku wakijiburura kwa makalio. Masimulizi hayohayo yanasema alikuwa na wake wawili waliooneana wivu, mpaka kisima kikagawiwa ili wasikutane wakati wa kuteka maji. Watoto hukipenda kisima. Mzazi asiache kuwauliza na kuhusu mawe.

Usiku ule baba alipiga simu kutoka Dar es Salaam. Mtoto wa kiume alimweleza habari za kaa. Binti aliichukua simu, akatoka nayo barazani.

"Baba, ulijua kuhusu yule bibi aliyeletwa?"

Upande wa pili kulikuwa kimya, mpaka binti akatazama kioo kama bando limekwisha.

"Nilisikia mara moja nikiwa mdogo," baba akasema. "Nikaambiwa nisiulize tena."

"Bibi kasema tuulize. Jumamosi anatupeleka Pujini. Kasema akipata gari tu."

"Mwambie gari nitalipa mie," baba akasema. "Na mrekodi sauti yake akizungumza. Mimi pia nataka kusikia."