Dishi na Mwembe wa Jirani



Juma lililopita tuliitwa kusuluhisha majirani wawili wa hapa Mombasa. Bwana mmoja alinunua dishi ili watoto wake wafuatilie darsa nyumbani. Akaona mwembe wa jirani unaziba, akataka ukatwe. Mwenye mwembe ni mjane, na maembe yale ndiyo yanayowanunulia wanawe madaftari. Tulipofika, salamu baina yao zilikuwa zimekwisha kukatika.

Tulimtaka fundi atueleze dishi latazama wapi. Setilaiti hizi huwa juu ya istiwai, umbali wa kilomita 36,000 hivi, nasi tu karibu na istiwai. Ile iliyokusudiwa iko nyuzi 36 mashariki, kwa hiyo mawimbi yake hutushukia karibu na utosi, nyuzi kama 83 kutoka ardhini. Ukielekea kibla, ambacho kwetu ki kaskazini, yatoka juu, kushoto kidogo. Tawi lililo mita 6 juu ya dishi haliwezi kuliziba ila liwe limekaribia chini ya mita moja kwa kando. Bwana yule alidanganywa na macho: dishi dogo lenye jicho lililochomoza chini huonekana latazama chini zaidi kuliko yanakotoka mawimbi, kwa nyuzi ishirini na kitu. Alikuwa akiulaumu mti usiohusika! Kilichoziba ni tawi moja lililotanda juu ya pembe ile ya ua wake. Dishi likahamishwa hatua nne, picha ikaja.

Ingalikuwa setilaiti ya nyuzi 7 magharibi, hukumu ingalikuwa nyingine, kwani hiyo kwetu iko nyuzi 36 tu kutoka ardhini, na mti ulio mbali huweza kuiziba. Basi mama na baba, muulizeni fundi kwanza ni setilaiti ipi, kabla hamjashika shoka. Mnazi nao utazameni siku ya upepo wa kusi, maana kuti lililo kando asubuhi huweza kupita mbele ya dishi adhuhuri.

Na fundi akipanda juu ya dari, huwaona wanawake walio katika nyua za majirani. Wapelekeeni habari mapema, hata kwa mtoto, wapate kujisitiri. Bwana yule hakufanya hivyo, na twadhani ugomvi ulianzia hapo, si mwembeni.